Herufi S Ina Matumbo Mawili

Herufi ya kwanza niliyolipwa kuiandika ilikuwa S. Neno lenyewe lilikuwa SALUNI, ukuta ulikuwa wa mabati, mahali ni Mwanjelwa, na mama mwenye saluni alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli mkononi, maana mvua ya Mbeya haibishi hodi. Nilikuwa na miaka 19. Mwalimu wangu alinikabidhi brashi baada ya miezi minane ya kumshikia ngazi, kisha akavuka barabara kwenda kunywa chai. Alichagua kiti kinachotazama ukuta.

S ndiyo inayowaumbua wachoraji wa mabango. A, L, N na I zote ni mistari, na mwenye rula anazimudu. S haina mahali palipo nyooka. Ina matumbo mawili, na tumbo la chini lazima lizidi la juu kidogo, la sivyo herufi inaonekana kama mtu anayetaka kuanguka kifudifudi. Ukiyafanya yalingane kabisa, jicho linakudanganya kwamba la juu ndilo kubwa. Mwalimu alinionyesha hilo kwa kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Alikigeuza juu chini, akaniambia, "Tazama S zote." Zote zilikuwa na vichwa vikubwa kama watoto wachanga. Nilikuwa nimesoma magazeti miaka yote bila kuliona hilo.

Watu wakimwona mchoraji ukutani husema ana kipaji. Sikatai, ila kipaji chenyewe kinaingia kazini kwenye saa tano asubuhi. Kabla ya hapo unasugua kutu kwa msasa, unapaka rangi ya kwanza, unasubiri ikauke, halafu unapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki. Mmoja anashika huku, mwingine kule, uzi unakazwa, unavutwa katikati na kuachiwa. Tap! Mstari mweupe umelala ukutani. Baada ya hapo ni hesabu. Mteja anataka DUKA LA VIFAA VYA UJENZI. Hizo ni herufi 20 na nafasi 4, jumla 24. Lakini I ni nyembamba, inahesabiwa nusu, na humo I ziko mbili, kwa hiyo tunabaki na 23. Kama ubao una sentimita 240, acha 5 kila upande, zinabaki 230. Gawa kwa 23, kila herufi na pengo lake inapata sentimita 10. Mwalimu wangu aliishia darasa la nne na hesabu hiyo aliifanya kichwani akiwa bado anaongea na mteja habari za bei.

Mimi nilijiamini mapema. Ukuta mmoja wa duka, barabara ya kwenda Mbalizi, niliandika kwa kukadiria macho. TUNAUZA SIMENTI NONDO NA MABA, na hapo ukuta ukaisha. TI ilibidi ipinde kona. Mwenye duka alicheka, hakunidai kitu, lakini kwa miezi kadhaa vijana wa pale walikuwa wakiniita Maba.

Kitu kingine ambacho hukioni kwenye bango ni ubishi. Nimewahi kubishana karibu saa nzima na kijana aliyetaka kibanda chake cha kinyozi kiandikwe SALOON, kwa sababu jirani yake aliandika hivyo na wateja wanajaa. Nikamwambia hilo ni neno la mahali pa kunywea pombe. Akanijibu, "Kaka, wewe andika, mimi ndiye ninayelipa kodi ya fremu." Niliandika. Mchoraji anayeshinda ubishi hulala njaa. Hata anayeshindwa huweza kulala njaa: mfanyabiashara mmoja wa vipuri alinilipa robo ya pesa, akasema nyingine njoo Ijumaa. Nilikwenda Ijumaa nyingi sana. Bango lake liko vizuri mpaka leo, rangi ile nilichanganya mwenyewe, na kila nikilipita najisifu na kukasirika kwa pamoja.

Halafu fleksi zikaja. Bango lililotuchukua siku mbili, mashine ya kuchapa inalitoa kwa dakika, na picha ya mteja mwenyewe akitabasamu ndani yake. Hakuna aliyetufukuza kazi. Simu tu ziliacha kuita.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa Mafinga, wilaya ya Mufindi, kwenye mbao. Akaniambia njoo, huku hakuna kipaji wala nini, huku ni mgongo. Nikapanda basi. Uyole, Chimala, Igawa, Makambako, na kuanzia Nyororo nikaona misindano imeanza kuwa mingi kuliko watu. Shamba la Miti Sao Hill ni la serikali, liko chini ya TFS, wakala wa misitu, na kulizunguka kuna mashamba ya watu binafsi, makubwa na ya ekari mbili tatu. Mti wa mbao unataka ukae ardhini miaka 18 na kuendelea, lakini mwenye ekari mbili ada ya shule ikimbana anaukata mdogo. Ndiyo maana kuna mbao unainunua mjini inapinda kabla hujaipigilia msumari: ni mti mchanga, tena umesafirishwa na maji yake.

Mashine tuliyofanyia kazi huko wanaiita dingdong. Injini ya dizeli inazungusha msumeno wa duara kwa mkanda, gogo linapita mbele yake, mbao inatoka upande wa pili. Mpasuaji ndiye mfalme. Kuna wanaoviringisha magogo, kuna mvutaji anayepokea mbao nyuma ya msumeno, kuna wabebaji. Mimi nilianza kubeba, nikapanda hadi kuvuta. Malipo ni kwa idadi ya mbao, sio kwa siku, kwa hiyo kila mtu anajua hesabu hata kama hajui kusoma. Mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane, zote inchi. Baada ya mwezi nilikuwa naweza kulitazama gogo na kukisia litatoa mbao ngapi. Jicho lilelile la sentimita 10, safari hii lina utomvu.

Siku ya kwanza nilikuja na glovu mpya. Nilizinunua kwa hela yangu, nikajiona mtu wa usalama. Mpasuaji akazima injini (na mpasuaji hazimi injini hovyo, mafuta yanauma), akaja, akanivua moja baada ya nyingine. "Mdogo wangu, mkono mtupu ukiguswa na msumeno unakatwa. Mkono wenye glovu unavutwa." Kwa kubebea mbao sawa, vaa. Karibu na jino linalozunguka, vua. Nilikuwa nimefika nikiamini usalama ni kujifunika.

Kilichonishangaza zaidi kule ni masikio. Nilidhani kazi ya kelele inamfanya mtu kiziwi, na kweli inamfanya, lakini kabla hajawa kiziwi inamfundisha kusikiliza. Msumeno wenye makali unaimba sauti moja nyembamba. Ukianza kuwa butu sauti inashuka, inakuwa kama mtu anayelalamika. Ukishika joto, sauti inatetema, na ukitazama mbao iliyotoka utaiona ina mawimbi, maana chuma kimelegea na kinayumba. Hapo mpasuaji anasimamisha kila kitu, anachukua tupa, ananoa jino baada ya jino, kimya. Wageni hudhani tumepumzika. Ule ndio muda wa kazi hasa, na hautulipi hata mbao moja. Asubuhi za mwezi wa saba, baridi ya Mufindi imeuma majani mpaka yameungua, utomvu unagandamana kwenye msumeno kama gundi, tunaupangusa kwa dizeli kidogo kabla ya kuanza. Gogo nalo halitaki kusubiri. Likikaa wiki kadhaa na unyevu wake linaingia ukungu wa rangi ya bluu. Nguvu ya mbao haipungui sana, lakini mnunuzi akiiona bluu anashusha bei kana kwamba ameona maiti.

Nusu ya gogo na zaidi haifiki sokoni. Inabaki mabanzi na vumbi la mbao, kwa sababu msumeno ule ni mnene, kila unapopita unakula mbao kuwa unga. Milima ya vumbi ilikuwa kila mahali, watoto wakiteleza juu yake. Kuna siku nilikaa pembeni ya mlima mmoja nikala mihogo, nikafikiri kwamba nimekalia miti.

Vidole sitavieleza kwa urefu. Mwenzetu alipoteza viwili, mchana, baada ya kushinda kibanda cha ulanzi. Ilikuwa msimu wa mvua, ulanzi unapogemwa na kuwa rahisi kuliko soda. Mashine ilisimama nusu siku. Mwenye mashine alilipa gari la kwenda hospitali, akaona amemaliza. Hakuna kati yetu aliyekuwa na mkataba, kwa hiyo hakuna aliyejua amalize wapi. Mimi nilichukua zamu ya yule bwana kesho yake, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko damu.

Katikati ya hayo nilijaribu chai. Mbao zilikuwa zimekwama zikisubiri kugongwa nyundo ya alama ya misitu na kibali cha kusafirishia, hakuna hela, jirani mmoja akasema mashamba ya chai yanataka watu. Nilidumu siku 11. Nilidhani ni kazi ya kuchuma majani, mtoto wa Mbeya nashindwaje kuchuma majani? Unachuma majani mawili na chipukizi, basi. La tatu limekomaa, kiwanda hakilitaki. Mbele yako umelaza ufito juu ya vichaka kukuonyesha usawa, kilicho juu ya ufito ndicho chako, cha chini kiache kiote. Na usishindilie kapu. Majani yakibanwa yanapata joto na kuanza kuwa mekundu hapohapo mgongoni mwako. Akina mama wa kule walikuwa wanachuma kwa mikono miwili, wakiongea, macho yao yakiwa mistari miwili mbele. Mimi nilikuwa natazama kila jani kama natafuta chawa. Kilo zangu zilikuwa aibu. Mama mmoja, mkubwa wa kunizaa, alinimiminia majani yake kidogo kwenye kapu jioni ili nisirudi na uzito wa kitoto, akasema, "Kamwene mwanangu, kesho njoo na mikono yote miwili." Nikasikia watu wakiita kazi ile kibarua kisicho na ujuzi. Waende wakachume.

Nilirudi Mbeya na pesa kidogo na mgongo mpana. Karakana ya kuchomelea maeneo ya Soweto ilikuwa inatafuta saidia fundi, na bosi wake alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya reli ya TAZARA. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akaniuliza swali moja: "Unaweza kuchora?" Nilifikiri nimesikia vibaya. Kwenye brashi waliniuliza hesabu, kwenye chuma wananiuliza kuchora.

Alikuwa na sababu. Reli, alisema, ilimlea kwa karatasi. Hakuna kazi iliyokuja kwa mdomo, kila kitu kilikuja na mchoro na vipimo vyake. Mteja wa mtaani anakuja na mikono yake hewani: nataka geti hivi, na huku juu liwe hivi. Ukianza kukata kabla hujachora, mnakosana siku ya kulipana. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa na mteja na chaki, kumchorea geti lake sakafuni, kwa ukubwa wake halisi. Wateja walilizunguka kama watu wanaotazama kiwanja. Wengine waliingia ndani yake na kujifanya wanalifungua.

Miezi mitatu ya mwanzo sikugusa moto. Nilikata kwa grenda, nilisugua kutu, niligonga gamba linaloganda juu ya mshono baada ya kuchomelea. Nilipopewa kioo cheusi na kushika kijiti cha kuchomelea, niliona kitu ambacho kwa nje hukidhanii: ndani ya ule mwanga mkali kuna dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka, dogo kuliko punje ya harage, na kazi yote ni kulitembeza lile dimbwi. Huangalii cheche. Ukienda haraka chuma hakishikani, ukichelewa unatoboa. Na ikienda sawa inasikika kama kitumbua kinapoingia kwenye mafuta ya moto. Mwana wa dingdong nikafurahi kwamba masikio yangu yana kazi tena.

Macho yalilipa kodi yao. Siku moja nilikuwa nashika tu kona wakati mwenzangu anashikiza vyuma kwa moto kidogo kidogo, nikaona ni sekunde mbili mbili, nikageuza uso bila kioo. Mchana sikuhisi kitu. Usiku ndiyo nikajua, kama mtu kanimwagia mchanga machoni, machozi hayakatiki, taa ya jirani inanichoma kupitia ukutani. Mama akanikatia vipande vya kiazi mviringo akaniwekea. Kwao Tukuyu kila ugonjwa una jani au tunda lake. Kilinipoza, ila kilichoniponya nadhani ni giza na siku mbili za kulala. Nilimwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, naye akaniambia nirudi kwenye kuandika maduka.

Chuma kina tabia ambayo mbao hazina: kinaelekea kule ulikokichoma. Ukimaliza kona moja yote kabla hujashika nyingine, geti linavutwa na kupinda mbele ya macho yako wakati linapoa. Kwa hiyo unashikiza kona nne kidogo kidogo, unapima kamba kutoka pembe hadi pembe, msalaba wote, zikilingana ndiyo uendelee, tena kwa kuhama: hapa kidogo, kule kidogo. Unaweza kuwa na mkono mzuri kuliko wote karakanani na bado geti lako lisifunge kwa sababu ulikuwa na haraka na mshono mmoja.

Tulipotengeneza matangi ya maji, mzee alikuwa na njia yake ya kuyakagua. Nje ya mshono unapaka chaki iliyosagwa na maji kidogo, unaacha ikauke iwe nyeupe. Ndani unapaka mafuta ya taa. Kisha unakwenda kula. Ukirudi ukakuta doa limelowa kwenye weupe, hapo pana tundu, hata kama jicho halilioni. Chaki ile ile ya uzi. Niliwahi kukaa mbele ya tangi nikingoja doa lijitokeze kwenye mshono wangu na moyo unanienda mbio kuliko siku ya SALUNI.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini kama mimi. Nikajiandikisha. Palikuwa na fomu ya kueleza kazi unazozifanya. Nikaandika: kupima, kukata, kuchomelea, kupaka rangi. Maneno matano, nikaridhika. Msimamizi, kijana mdogo kwangu, akaisoma, akanirudishia kwa heshima, "Mzee, nieleze kama mimi sijawahi kuona geti." Nilikaa na ile fomu mpaka jioni. Nilianza na mteja anayechora hewani kwa mikono. Nikaandika mzee alivyotufundisha kuficha mshono upande wa ndani. Nikaandika umeme unavyokatika saa nane mchana, ukirudi saa tatu usiku mnafanya kazi kwa sababu mteja ana sherehe Jumamosi. Nikaandika kwamba skwea paipu nyembamba hazitaki moto mkubwa. Karatasi ikajaa nikageuza nyuma. Kijana alisoma yote, akacheka sehemu moja, sijui ni ipi.

Sasa nina karakana yangu, ndogo, watu watatu. Wateja wanakuja kwa sababu ya maua na herufi. Mitindo ya mageti siku hizi ni kuweka herufi za majina ya mwenye nyumba katikati, kubwa, za fletibaa, yaani vipande vya chuma bapa, zipakwe rangi ya dhahabu. Zile za mistari nawaachia vijana. S napinda mwenyewe, polepole, kwenye bomba nililolikita chini, tumbo la juu kwanza, kisha nahamia bomba nene kidogo kwa tumbo la chini.

Mwaka juzi tulipata geti la nyumba moja Uyole, kubwa, pande mbili, S kila upande. Nilizipinda zote mbili, nikaziweka mezani, nikaenda kufuata rangi Kabwe. Foleni ilinichelewesha. Niliporudi saidia fundi wangu alikuwa ameshachomelea zote, amesugua, amepaka na rangi ya kwanza, anatabasamu akingoja nimsifu. Ya kushoto iko sawa. Ya kulia kaigeuza juu chini, kichwa kikubwa, inataka kuanguka kifudifudi. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale na mke wake, wameshalipenda, wanapiga picha.

Sikusema kitu. Daladala ya Uyole inapita mbele ya nyumba ile, na nikiwamo najitahidi nikae dirisha la upande wa pili.